Kitabu Namba Arobaini na Moja

Mtu aliyefika kwa mara ya kwanza kwenye dirisha la stoo aliiona miwani kabla ya kumwona mwenye miwani. Zilikuwa jozi mbili: moja puani, nyingine imepandishwa juu ya paji la uso, imejikita katika nywele zilizoanza mvi. Ya puani ilikuwa ya kusomea namba ndogo zinazochapwa chini ya chaja na kompyuta. Ya juu ilikuwa ya kuonea mbali. Mwenyewe aliwaeleza wageni kwa ufupi: "Hii ya vitu, ile ya watu." Ukimwambia jambo lenye uzito alibadilisha miwani kwanza, akakutazama, ndipo akajibu.

Ofisi nzima ilimwita Shangazi, hata meneja ambaye walipishana miaka minne tu. Ilikuwa ofisi ya watu arobaini na mmoja, ukimtoa yeye, na kazi yao ilikuwa kutengeneza programu za kupangia miadi katika zahanati na hospitali, ili mgonjwa aijue saa yake badala ya kushinda kwenye benchi tangu alfajiri. Wao walikaa kwenye ukumbi mpana, meza zimepangwa safu kutoka mapokezi hadi mlango wa meneja. Yeye alikaa mwisho wa korido, baada ya vyoo na mtungi wa maji ya kunywa. Mbele palikuwa na rafu za chuma, nyaya zilizoviringwa na kutundikwa kama mikungu, na kibodi zilizong'oka herufi. Nyuma palikuwa na chumba kidogo chenye dirisha moja, kiti kimoja na makabati mawili ya mbao. Ndani ya makabati hayo hamkuwa na waya wala betri. Mlikuwa na vitabu.

Habari ya vitabu ilianza na harusi. Mtengeneza programu mmoja alioa wakati wa likizo, akaleta picha ofisini, na katika picha tatu kati ya tano alikuwa ameiinamia kompyuta huku bibi harusi akitazama pembeni. Wakubwa wakaona haya. Ikapitishwa sheria kwamba kila mwisho wa mwaka, ofisi inapofungwa wiki mbili, kila mtu arudishe kompyuta yake stoo, na simu ya dharura izunguke kwa zamu. Mwaka wa kwanza wa sheria hiyo watu walikabidhi kompyuta, wakasaini, kisha wakabaki wamesimama dirishani, mikono inaning'inia, kama waliosahau walichokifuata. Mmoja alikuwa akichapa vidole hewani bila kujijua. Shangazi alimwonea huruma. Akatoa mkobani riwaya aliyokuwa akiisoma saa ya chakula, akamtia mikononi.

"Shika hiki," alisema. "Mikono isikae bure."

Yule kijana aliporudi likizo hakuulizia kompyuta yake kwanza. Aliuliza kama kuna kingine.

Tangu siku hiyo ukawa mtindo. Shangazi alileta vitabu vya nyumbani kwake, wengine wakaongeza vyao, na sasa makabati yalikuwa na vitabu mia na thelathini. Vya kompyuta hakuweka hata kimoja. Kila mwaka hakukosekana mtu wa kujaribu bahati yake.

"Shangazi, huna kitabu cha lugha mpya ya programu? Nataka kujinoa kidogo huko niendako."

"Ukienda likizo na kitabu cha kompyuta, umekwenda na kompyuta iliyolala. Pisha wenzako."

Namna yake ya kumchagulia mtu kitabu ilikuwa ya peke yake. Hakuwauliza wanapenda nini, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba mtaalamu ukimuuliza anapenda nini hukutajia kile anachokijua tayari. Yeye alivisoma vitu vyao. Dada wa upande wa hesabu alirudisha waya umeviringwa vizuri kuliko ulivyotoka kiwandani. Huyo alipewa riwaya ambayo mwandishi wake hupita kila kichochoro kabla ya kufika anakokwenda, ili arudi amevurugika kidogo. Mpanga takwimu aligonga kibodi hadi herufi zikafutika. Yeye alipewa maisha ya mfugaji wa nyuki, kazi isiyotaka mkono wa haraka. Fundi mtandao, ambaye mwaka mzima alitambaa chini ya meza za watu na kuitwa kila baada ya dakika kumi, alisafiri siku mbili kwa treni kwenda kwao, na kila mwaka ombi lake lilikuwa lile lile: "Nipe kinene kama tofali, Shangazi. Mtu asinifikie kabla ya ukurasa wa mia."

Meneja peke yake hakuwahi kuchaguliwa. Alijipa ruhusa ya kubaki na kompyuta yake, kila mwaka, kwa sababu za kikazi. Vijana walimwita Dakika Mbili kwa kuwa ndiyo salamu yake. Mwaka huo, wiki tatu kabla ya likizo, alikuja stoo kwa miguu yake mwenyewe, na hilo tu lilikuwa habari.

"Shangazi, nina dakika mbili."

"Karibu. Moja umeimaliza kwenye korido."

"Hiki chumba cha nyuma," alisema, akichungulia. "Tunaongeza seva mbili na betri zake. Wametazama jengo lote, hapa ndipo penye ukuta mzuri na dirisha la hewa."

Shangazi alibadilisha miwani. "Na makabati?"

"Ndiyo nasema. Siku hizi vitabu viko kwenye simu. Sisi ni watu wa teknolojia. Mteja akipita akaona makabati ya makaratasi atatuonaje?"

"Atatuona tunajua kusoma."

Meneja alicheka bila kupenda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka tu, na haraka yake ndiyo iliyoifikisha ofisi pale ilipo.

"Mara ya mwisho umesoma kitabu lini?" Shangazi aliuliza.

"Kila siku nasoma. Ripoti, mikataba, barua."

"Nimeuliza kitabu."

Meneja aliitazama saa yake, kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Shule," alisema. "Kile cha mtihani."

"Sasa unakitoaje kitu usichokijua? Mwaka huu rudisha kompyuta kama wenzako, nikuchagulie kimoja. Ukikimaliza, makabati yanabaki. Ukishindwa, nitayafungasha kwa mikono yangu, wala sitanuna."

Fundi mtandao alikuwa chini ya rafu akitafuta kiungio, wakamsikia akikohoa. Hapo meneja alikwisha. Alikuwa na ugonjwa mmoja unaojulikana na wote: hakuweza kukubali kushindwa jambo mbele ya mtu. Angeweza kuvitoa vitabu vyote nje kwa neno moja, lakini asingeweza kusikia ikisemwa kwamba kitabu kimoja kilimshinda.

"Haya," alisema. "Nikikimaliza, seva nitazitafutia ukuta mwingine. Nisipokimaliza, wewe na makabati yako. Kikao cha kwanza cha mwaka, saa nne asubuhi, nitasema mbele ya wote."

Kabla ya saa ya chakula ofisi nzima ilikuwa na habari.

Shangazi alibakiza miaka miwili kustaafu. Kazi yake aliijua na hakuidharau, ila hakujidanganya pia: stoo bila makabati yale ingekuwa mahali pa kuhesabu nyaya. Hakuna anayeingia stoo kuhesabiwa nyaya akatoka anacheka. Kwa hiyo alitafuta kitabu cha meneja kama mtu anayetafuta mchumba wa mwanawe. Alivipekua vyote mia na thelathini, akabakiza sita, akavibeba nyumbani.

Mume wake alikuwa fundi cherehani, na karakana yake ilikuwa baraza la nyumba yao. Jioni, jua likiwa bado juu ya paa la jirani, Shangazi aliketi kwenye kigoda, akasoma kwa sauti, mzee akishona na kuitazama saa ya ukutani kupitia dirisha. Kitabu kilichowapendeza wote kilikuwa cha msimamizi wa stesheni ndogo ya reli, anayeandikiana barua na msimamizi wa stesheni inayofuata ambaye hajawahi kumwona. Kurasa mia na arobaini, sura fupi fupi.

"Ya saba dakika ngapi?"

"Tatu na nusu," mzee alisema. "Lakini umekohoa."

"Toa kikohozi."

"Tatu. Mama, huyu mtu anaoa kitabu au anakisoma?"

"Wewe tazama saa. Mtu wa dakika mbili ukimpa sura ya nusu saa atakimbia. Hiki atasoma sura moja akisubiri chai, moja akivaa viatu. Atashtuka kimekwisha."

Mzee ndiye pia aliyeshona mifuko. Miaka ya mwanzo watu walikuwa wakichungulia vitabu vya wenzao kwenye foleni na kubadilishana kama sahani za pilau, vyembamba vikawa na wateja wengi, na uchaguzi wote wa Shangazi ukaharibika. Tangu hapo kila kitabu kilitiwa kwenye mfuko wa kaki uliofungwa kwa mshono mmoja, na kipande cha karatasi chenye namba. Sheria ilikuwa moja: fungua ukifika.

Namba zilitoka kwenye daftari la Shangazi. Aliandika watu kwa mpangilio wa meza, kutoka mlangoni. Moja, dada wa mapokezi, aliyekuwa nyumbani tangu mwezi uliopita akimlea mtoto mchanga na kompyuta yake keshairudisha. Mbili, mpanga takwimu. Hivyo hivyo hadi arobaini, fundi mtandao, ambaye meza yake ilipakana na mlango wa meneja. Arobaini na moja, meneja.

Sasa, mwaka uliotangulia foleni ilifika ngazini, na Nukta hakuisahau. Nukta alikuwa binti mtengeneza programu, mgeni kuliko wote, aliyepata jina hilo wiki yake ya kwanza kazini alipousimamisha mfumo mzima kwa kusahau nukta moja. Alimpenda Shangazi kwa kuwa siku ile ya nukta yeye peke yake ndiye aliyemwita akae, anywe maji.

"Nipe daftari, Shangazi," alisema. "Nitaliingiza kwenye kompyuta, litoe kikaratasi cha kila mtu na namba ya mfuko wake. Wewe unapokea kompyuta dirishani, mimi natoa mifuko mlango wa nyuma. Foleni hutaiona."

Na kweli hakuiona. Siku ya kukabidhi Shangazi aliinamia chaja na namba zake, miwani ya vitu puani, hakuinua kichwa ila kuitikia shikamoo. Watu waliweka kompyuta dirishani, wakazunguka nyuma na vikaratasi vyao, wakaondoka na mifuko yao. Meneja alimtuma dereva wake. Saa tisa alasiri korido ilikuwa kimya kabisa.

"Tumewamaliza," Nukta alisema kwa furaha. "Ila kuna mmoja kasahau mfuko."

Kwenye rafu ulibaki mfuko mmoja, mwembamba. Shangazi aliusogelea, akasoma kikaratasi. Arobaini na moja.

"Huyu ni meneja. Dereva hakuja?"

"Alikuja. Nimempa mwenyewe. Mzito, nikamwambia atumie mikono miwili."

Shangazi aliketi kwenye kile kiti kimoja. Hapakuwa na mfuko mzito katika arobaini na moja yote ila mmoja.

"Mwanangu, kikaratasi chake kilisema namba ngapi?"

"Arobaini." Nukta alikitafuta kwenye boksi, akakipata, akakitazama. Akatazama daftari. Midomo ikaanza kucheza kama anayehesabu, kisha ikatulia. "Shangazi. Nimeanza na sifuri."

"Umeanza nini na sifuri?"

"Kuhesabu. Kompyuta mstari wa kwanza huuita sifuri, wa pili moja. Sisi tumezoea hivyo, hata hatufikiri. Dada wa mapokezi kawa sifuri. Nilipoona hana mfuko nikasema sawa, si yuko nyumbani. Mpanga takwimu kawa moja. Meneja, wa arobaini na moja, kawa arobaini." Alikiweka kikaratasi juu ya daftari. "Kila mtu amechukua kitabu cha aliye meza ya mbele yake."

"Mimi nina watoto wangapi, Nukta?"

"Watatu."

"Kwa hesabu yenu yule wa kwanza hajazaliwa?"

"Yupo, Shangazi, ila ni mtoto namba sifuri."

"Ngoja aje akusikie. Ana miaka thelathini na ndevu."

Nukta alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Kwani wote wawili walijua maana yake. Mfuko namba arobaini ulikuwa tofali la fundi mtandao: kurasa mia sita na kumi na nane, vizazi vitatu vya ukoo wa wafinyanzi, sura nyingine zina kurasa hamsini. Mtu ambaye hakufungua kitabu tangu mtihani wa shule alikuwa barabarani muda huo, amepakata hicho.

"Nitampelekea hiki," Nukta alisema. "Nitapanda basi sasa hivi."

"Unajua anakwenda wapi? Kaa. Kwanza tumpigie."

Simu iliita mara nyingi. Ilipopokelewa palikuwa na sauti za watoto nyuma.

"Shangazi, nina dakika mbili."

"Zinanitosha. Mfuko ulionao si wako, ni makosa ya stoo. Usiufungue, nitautuma wako popote ulipo."

"Nimeshafungua." Kurasa zilisikika zikifunuliwa. "Hiki kidude ni cha nani?"

"Cha fundi mtandao."

"Huyu wa kwetu? Anasoma kitu kama hiki?"

"Kila mwaka. Na hulalamika kimekwisha mapema."

Shangazi alimwona kama yuko mbele yake, anakipima kile kitabu mkononi.

"Hicho changu kina kurasa ngapi?"

"Mia na arobaini."

"Kwa hiyo uliniona mimi ni wa mia na arobaini, na yeye wa mia sita."

"Meneja, sikumaanisha hivyo."

"Kiache hapo hapo kilipo. Nitasoma hiki. Na makubaliano ni yale yale: nikikimaliza."

Simu ikakatika. Nukta, aliyekuwa ameegemea kabati akisikiliza yote, alifunga macho. Shangazi alijilaumu kwa neno lile, 'kila mwaka', lakini neno lilikwisha kutoka. Akavuta pumzi, akashughulikia lililobaki. Watu wote walitumiwa ujumbe kwenye simu: mfuko ulionao ni wa jirani yako wa meza ya mbele, tuwieni radhi, someni tu, mtabadilishana mkirudi. Kitabu cha stesheni, kilichokosa mwenyewe, Nukta alikipeleka jioni ile kwa dada wa mapokezi.

Majibu yalianza kuja asubuhi ya pili, na siku zile za mwanzo Shangazi alicheka kuliko alivyotegemea. Mpanga takwimu, ambaye hajaoa wala hajatangaza nia, alipokea hadithi fupi alizochaguliwa dada wa mapokezi, za kusomwa kwa mkono mmoja mtoto akilala kwenye mwingine. Jina la kitabu lilikuwa na neno 'kunyonyesha'. "Shangazi," aliandika, "mama yangu ndiye aliyefungua mfuko. Ameshamwambia mjomba. Nifanyeje?" Dada wa upande wa hesabu aliangukia vitendawili, akawazuia ndugu zake kula hadi wategue. Fundi mtandao alipiga simu kutoka kwenye treni kulalamika.

"Umenipa kijitabu, Shangazi. Nimekimaliza kabla ya stesheni ya tatu. Nimekirudia mara nne. Sasa namsomea aliyekaa mbele yangu, na yeye kalala."

"Vumilia, baba. Chako kiko kazini."

Dada wa mapokezi alituma sauti, akinong'ona ili asimwamshe mtoto. Sura za stesheni zilimtosha kabisa kwa kila kunyonyesha, akasema, na mtoto akitulia mapema yeye ndiye anayeudhika.

Kutoka kwa meneja halikuja neno. Siku ya nne ikapita, ya tano, ya sita. Shangazi alifua mapazia, akapanga upya makabati ya jikoni, akashindwa kusoma chochote.

"Umekuwa kama mtu aliyeposa," mzee alimwambia kutoka kwenye cherehani. "Majibu yatakuja. Lete hapa hizo suruali unitolee nyuzi."

Siku ya saba simu iliita, namba ngeni. Alikuwa mke wa meneja.

"Shikamoo, Shangazi. Samahani kukusumbua likizoni. Umempa nini mume wangu?"

"Kafanya nini?"

"Nimemwita chakula mara tatu. Mara ya nne nimemkuta amekaa ndani ya gari, limezimwa, milango imefungwa, anasoma. Anasema nyumbani kuna kelele. Huyu mtu tangu anioe hajawahi kukaa ndani ya gari lisilotembea."

"Yuko ukurasa wa ngapi?"

"Ndiyo kwanza mia na themanini. Lakini Shangazi, anasoma taratibu, anarudi nyuma. Juzi kaniuliza kama na mimi kwetu kulikuwa na mtu wa kufinyanga."

Shangazi alimpelekea Nukta habari kwa simu, na Nukta akapiga hesabu papo hapo. Kurasa mia na themanini kwa siku saba. Kwa mwendo huo, siku ya kikao angekuwa amefika mia tatu na sitini.

"Umeanza na ngapi?" Shangazi aliuliza.

"Na moja, Shangazi. Nimehesabu mara mbili."

Siku ya kumi meneja alipiga mwenyewe. Hakusema ana dakika ngapi.

"Yule bibi mfinyanzi," alianza bila salamu. "Mdogo wake anayevunja mitungi yote. Anamsamehe?"

"Uko wapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili."

"Sikwambii."

"Niambie tu ndiyo au hapana. Nisije nikapoteza muda."

"Soma."

Alisikika akivuta pumzi kwa hasira, kisha, badala ya kukata simu, akaanza kueleza kwa nini bibi asimsamehe. Alieleza habari ya kaka yake mwenyewe, jambo la zamani, ambalo Shangazi alilisikiliza na hakulirudia kwa mtu yeyote, hata mzee. Walipoagana, chai ya Shangazi ilikuwa imepoa. Alibaki ameishika simu. Kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze alijiuliza kama kweli alimchagulia vema, na kama yule msimamizi wa stesheni angemfikisha meneja hapo. Kisha akanyanyuka, akachukua kitabu, akasoma hadi wito wa chakula.

Jumapili, siku ya mwisho, uliingia ujumbe: "Zimebaki themanini na nne. Pasiwe na mtu wa kunisimulia."

Jumatatu asubuhi ofisi ilijaa mapema. Watu walipanga foleni kuchukua kompyuta, lakini hakuna aliyeifungua. Walikuwa wakibadilishana vitabu na kutaniana. Mpanga takwimu aliulizwa na kila mmoja mtoto anaitwa nani. Fundi mtandao alisimama mlangoni pa stoo, begi bado mgongoni.

"Mwenye tofali langu yuko wapi?"

"Hajafika," Nukta alisema. Alikuwa hajala kitu tangu aamke.

Saa nne kasorobo wote walikuwa kwenye chumba cha kikao. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Kwa kawaida meneja ndiye aliyewatangulia wote kikaoni, hata siku aliyokuwa na homa. Ndipo mlinzi wa getini alipopiga simu ya ndani, mpanga takwimu akaipokea na kuwarudishia wenzake maneno yake.

"Anasema gari la bosi limeegeshwa tangu saa mbili. Dereva kakaa kwenye ngazi. Kaambiwa asimguse."

Viti vilisukumwa, watu wakajazana dirishani. Ghorofa tatu chini, katikati ya kiwanja cha magari, paliegeshwa gari la meneja, vioo vimefungwa, na kupitia kioo cha mbele ilionekana pembe moja ya kitabu imeegemezwa kwenye usukani.

"Zimebaki ngapi?" fundi mtandao aliuliza. "Mtu amuulize dereva."

Nukta alimpigia dereva. Walimwona akinyanyuka kwenye ngazi, akanyata hadi kwenye gari, akagonga kioo kwa ukucha. Kioo kilishuka kidogo, kikapanda.

"Amesema nini?" wote waliuliza.

Nukta alisikiliza, akawageukia. "Anasema ndiyo kwanza wanafungua tanuri, na nyote mkae."

Hapo macho yote yalimgeukia Shangazi, kwa kuwa ni yeye peke yake mle ndani aliyekisoma kitabu kile hadi mwisho. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono kifuani. Alifikiri. Kutoka pale tanuri linapofunguliwa hadi ukurasa wa mwisho zilikuwa kurasa kumi na moja, na zile tatu za mwisho hakuna mtu aliyewahi kuzisoma haraka.

"Ahirisheni kikao nusu saa," alisema. "Na mtu asipige honi huko chini."

Saa ya ukutani ilitimia nne kamili. Hakuna aliyekaa. Nukta alibandika paji la uso kwenye kioo cha dirisha, na chini kwenye kiwanja, ndani ya gari, mkono ulinyanyuka ukafunua ukurasa.